Viti Katika Duara

Msomaji wangu, huenda umepata kupita karibu na ukumbi wa kanisa, au chumba cha nyuma cha zahanati, ukaona viti vimepangwa duara na watu wameketi wakizungumza kwa sauti ya chini. Huenda ulidhani ni kamati ya harambee au chama cha akiba. Mimi nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu, mpaka jioni moja ya mwaka 2023 nilipojikuta nimesimama nje ya mlango wa chumba cha namna hiyo, mkono wangu umeshika kitasa, wala siwezi kukizungusha.

Nitakueleza kwa ufupi kilichonifikisha pale, kwa kuwa insha hii ni ya historia wala si ya maisha yangu. Mwaka uliotangulia nilifiwa na mtoto. Kwa miezi mingi baada ya mazishi nilikuwa nikilala saa sita za usiku na kuamka saa nane. Darasani nilikuwa nikigeukia ubao, chaki mkononi, nikasahau nilichotaka kuandika. Wenzangu walisema, "Mwalimu ana mawazo." Itazame lugha yetu, msomaji. Kila mwanadamu ana mawazo, lakini tunaposema kwamba mtu "ana mawazo" twataka kusema kwamba mawazo ndiyo yaliyompata yeye. Siku moja nilikwenda kupimwa shinikizo la damu, na muuguzi, mama wa makamo, akaniuliza swali ambalo hapana mtu aliyepata kuniuliza: "Mwalimu, unalala?" Nikashindwa kujibu. Akaniandikia katika kikaratasi siku, saa na mahali, akasema, "Nenda ukakae tu. Si lazima unene."

Alhamisi tatu nilipita mbele ya mlango ule nikaenda zangu. Sikuogopa maneno ya wageni, niliogopa kuonekana. Mzazi wa mwanafunzi wangu aweza kuwamo, nami kesho nitamfundisha mtoto wake kwa uso gani? Alhamisi ya nne mlango ulifunguliwa kutoka ndani na mzee mmoja mwenye koti la kijivu. Hakuniuliza jina. Alisema, "Karibu, kiti kipo." Nikaketi saa moja na nusu bila kutoa neno. Yaliyosemwa humo sitayasimulia, kwa sababu sheria ya kwanza ya duara lile ni kwamba maneno hayatoki nje ya mlango. Wala sitakudanganya kwamba nililala usingizi mnono usiku huo. Nililala vile vile kama siku nyingine, ila nilikuwa na jambo jipya la kuwaza: ni nani aliyetangulia kupanga viti hivi? Mwalimu wa historia ni mtu wa ajabu. Hata akiwa mgonjwa huuliza chanzo cha kiti alichokikalia.

Kwanza nilitaka kujua chanzo cha woga wangu, na hicho hakikuwa mbali. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilichukua mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui, nje kidogo ya mji wa Nairobi, ikapafanya nyumba ya wenda wazimu. Mwaka 1924 nyumba hiyo ikapewa jina la Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari. Fikiri jinsi mambo yalivyoanza: mahali pa kuwatenga watu wenye maradhi ya kuambukiza palirithiwa na watu wasio na maradhi ya kuambukiza, na desturi ya kutenga ikarithiwa pamoja na majengo. Leo Mathari ni hospitali ya taifa ya rufaa na mafunzo, na watu wengi hutibiwa humo wakarudi makwao na kazini. Lakini jina lake lingali tusi vinywani mwa watoto wa shule. Nimelisikia uwanjani, na kwa aibu yangu nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi nililitumia.

Tangu mwaka 1938 hadi mwaka 1950 hospitali hiyo ilisimamiwa na daktari aliyeitwa J. C. Carothers. Alipopewa kazi hiyo hakuwa daktari wa magonjwa ya akili. Alikuwa tabibu wa kawaida wa serikali. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa. Humo alifundisha kwamba ugonjwa wa huzuni kuu, ambao siku hizi twauita sonona, ni adimu kwa Waafrika. Na alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya koloni ilichapisha maandishi yake juu ya Mau Mau, na ndani yake watu waliodai ardhi waligeuzwa wagonjwa.

Nakuomba usipite hapa kwa haraka. Madai kwamba watu fulani hawahuzuniki yafanana na sifa, kana kwamba wanasifiwa kwa uchangamfu. Kumbe ni kuwanyang'anya jambo kubwa. Asiyeweza kuhuzunika hana haja ya kufarijiwa. Na kama hana haja ya kufarijiwa, hana haja ya daktari wala ya kiti. Tena Carothers alikuwa akihesabu wale waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa Mathari wengi walikuwa wale waliosumbua watu barabarani na sokoni. Mama aliyeketi jikoni mwake asile, asiseme, asilale, hakumsumbua askari yeyote. Hakuhesabiwa. Daktari akatazama orodha yake, akaona hayumo, akasema hayuko duniani.

Wala usidhani kwamba huko Ulaya, nyumba hizo zilikotoka, mgonjwa alisikilizwa. Mwingereza mmoja, John Perceval, mwana wa waziri mkuu aliyeuawa kwa risasi mwaka 1812, alifungwa katika nyumba za wagonjwa wa akili tangu mwaka 1831 hadi 1834. Baba yake alikuwa ametawala nchi nzima, naye mwana hakuweza kuamua saa ya kuoga. Alipopona aliandika vitabu viwili juu ya aliyotendewa, na mwaka 1845 yeye na wenzake waliopata kufungwa kama yeye waliunda chama cha kuwatetea watu waliosemekana kuwa wana wazimu. Kilikuwa chama cha utetezi zaidi ya chama cha faraja, nacho hakikudumu sana. Nakitaja kwa sababu kimoja: kilianzishwa na waliougua. Madaktari waliwaona kuwa wakorofi.

Viti vyenyewe navyo nadhani viliwekwa Marekani, katika miaka ya 1930, siku za ukosefu mkubwa wa kazi. Tarehe 12 Mei 1935, mjini Akron katika jimbo la Ohio, mfanya biashara ya hisa, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha ulevi kwa miezi michache na akahisi kiu inarudi, aliomba kuonana na mlevi mwingine. Alipelekwa kwa daktari wa upasuaji jina lake Robert Smith. Smith alikubali kwa shingo upande, akasema atakaa dakika 15 na si zaidi. Alikuwa amekwisha kusikia mawaidha mengi. Lakini mgeni huyu hakumpa mawaidha. Alimsimulia habari zake mwenyewe. Wakakaa hadi usiku. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha ulevi, ambacho kimeenea duniani, na Kenya kimefika. Ulevi ni jambo lake, na huzuni ni jambo lake; lakini yule aliyekuja kwa dakika 15 nilimtambua mara moja, maana nami nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba sitakawia.

Miaka miwili baadaye, mjini Chicago, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Poland, Abraham Low, aliwakusanya wagonjwa waliotoka katika hospitali alimofanya kazi. Aliona kwamba wengi walikuwa wakitibiwa, wakaenda nyumbani, kisha wakarudi. Akawafundisha kukutana na kusimuliana visa vidogo vya kila siku: ugomvi wa jirani, basi lililochelewa, moyo uliodunda sokoni bila sababu. Kila mmoja alieleza lililotokea, alivyojisikia, alivyojizuia, na jinsi ambavyo zamani angalitenda. Mambo makubwa ya kuwaliza watu hayakutakiwa. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara, maana mtu aweza kuona haya kusimulia msiba wake, asione haya kusimulia basi. Mwaka 1952 Low aliacha uongozi wote mikononi mwa wagonjwa wenyewe, na mwaka 1954 akafariki.

Kisa cha New York ndicho kinachonigusa zaidi. Katika miaka ya 1940 wagonjwa kadhaa wa hospitali ya Rockland walikuwa wakikutana humo humo hospitalini. Waliporuhusiwa kwenda zao waliona kwamba mji ule mkubwa hauna mahali pao. Jamaa hawakuwataka, waajiri waliwaogopa. Basi wakawa wanakutana kwenye ngazi za maktaba kuu ya mji, mahali ambapo mtu yeyote aweza kuketi bila kuulizwa anafanya nini. Wakajiita "Hatuko Peke Yetu". Mwaka 1948, kwa msaada wa marafiki, walipata nyumba yenye bustani na chemchemi ndogo ya maji, wakaiita kwa jina la chemchemi hiyo. Kabla ya nyumba, walikuwa na ngazi tu. Mwanafunzi anayeniuliza historia hutengenezwa wapi humjibu siku hizi kwamba wakati mwingine hutengenezwa mahali watu wasipofukuzwa.

Sasa turudi Afrika, tukaone yaliyompata Carothers. Katika miaka ya 1990, daktari Melanie Abas na wenzake walifanya uchunguzi katika jiji la Harare, nchini Zimbabwe. Hawakungoja wagonjwa wafikishwe hospitalini na askari. Waliwaendea wanawake mitaani na kuwauliza kwa lugha yao ya Kishona. Wakasikia neno moja likirudiwa: kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ndugu yangu, linganisha na "ana mawazo". Watu wawili wa lugha mbili za Kibantu, walio mbali kama Harare na Mombasa, walikuwa na jina la ugonjwa huo huo ambao daktari wa Mathari aliuona kuwa adimu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ulikuwa mwingi mno. Yule mama wa jikoni hatimaye alihesabiwa.

Kuhesabiwa si kutibiwa. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilivunja vibanda na nyumba za maskini mijini, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu wapatao 700,000 walipoteza makao au riziki, au vyote viwili. Mwaka huo huo daktari wa magonjwa ya akili wa Harare, Dixon Chibanda, alipoteza mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyejiua. Mama wa marehemu alimweleza kwamba walitaka kumleta hospitali, ila hawakuwa na nauli ya basi, dola 15. Tafadhali uisome tena hesabu hiyo. Dawa ilikuwako, daktari alikuwako, hospitali ilikuwako. Kati yake na mgonjwa palikuwa na dola 15.

Chibanda akaona kwamba hana budi kuupeleka msaada waliko watu. Alipoomba wauguzi, aliambiwa wana kazi nyingi. Alipoomba chumba katika zahanati ya mtaa wa Mbare, aliambiwa hakuna nafasi. Alichopewa mwaka 2006 ni mabibi 14 waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya, na uwanja wa nje. Basi wakaweka benchi chini ya mti. Mwanzoni daktari aliliita benchi la afya ya akili, na mabibi wakamwambia kwamba kwa jina hilo hapana mtu atakayeketi. Likaitwa Benchi la Urafiki, na watu wakaja. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu, nikikumbuka Alhamisi zangu tatu.

Bibi hufanya kazi kwa hatua tatu zenye majina ya Kishona: kwanza kuifungua akili, kisha kumwinua mtu, kisha kumtia nguvu. Kwa maneno mengine, humsikiliza, humsaidia kuchagua tatizo moja tu kati ya mengi, na humtuma kwenda kutenda jambo moja dogo juu ya tatizo hilo. Baada ya hapo mgonjwa hualikwa katika kikundi cha wenzake kiitwacho kwa Kishona Kubatana Tose, yaani kushikana mikono pamoja. Humo wanawake huketi duara wakifuma mikoba kwa vipande vya plastiki iliyotumika, na mikono ikiwa na kazi, kinywa hufunguka. Mikoba huuzwa. Mwanamke hurudi nyumbani na maneno mepesi kifuani na fedha kidogo mfukoni; sijui ni kipi humponya zaidi, na huenda swali langu ni la mtu aliyeshiba.

Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika zahanati 24, kwa wagonjwa 573, yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, katika wale waliopata huduma ya kawaida karibu nusu yao walikuwa wangali na dalili za sonona. Katika wale waliokwenda kwa mabibi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar, na hata New York, mji wa zile ngazi za maktaba.

Nimebakiza jambo moja la hapa kwetu, nalo linamhusu mzee mwenye koti la kijivu. Ameniruhusu niandike haya machache.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoletwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930, ilikuwa na kifungu cha 226 kilichosema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Adhabu yake iliweza kufika miaka miwili gerezani. Waingereza walifuta sheria kama hiyo kwao mwaka 1961. Sisi tulijitawala mwaka 1963, tukabadilisha bendera, majina ya barabara na vitabu vya shule, lakini kifungu hicho tukakiacha mahali pake. Tazama basi lililompata mtu aliyeingia katika duara. Aliambiwa aseme ukweli ili apone. Na ukweli wenyewe, kama ulikuwa wa namna hiyo, ulikuwa ni kukiri kosa mbele ya mashahidi kumi. Ndiyo maana mzee, kila aliposimulia, alisema "siku ile" tu. Hakutaja mwezi, wala mwaka, wala mji. Mimi nilidhani ni uzee. Ulikuwa uangalifu.

Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, walikwenda mahakamani kukipinga kifungu hicho. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinambagua mtu kwa sababu ya afya yake, kinamvunjia heshima, na kinamzuia kutafuta matibabu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku yetu. Jioni dada mmoja alikuja na habari hiyo katika simu yake, akatusomea. Mzee alisikiliza akiwa ameinama, kisha akauliza, "Je, hata sisi wa zamani?" Hapana aliyeweza kumjibu, kwa maana katika sisi hapakuwa na mwanasheria. Aliinywa chai yake yote, akakiweka kikombe chini ya kiti. Kisha akaanza kusimulia kama alivyozoea, na alipofika kwenye siku ile, akataja mwezi na mwaka.